Kisu cha Masera

...na bado ni manjano, manjano ya nyasi kavu tu, usiwe na haraka, Ilyasi anajiambia, kisu kimelala juu ya chuma chenye moto na rangi inatambaa polepole kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, ikifika kahawia akitose majini, kabla ya hapo kitakatika, baada ya hapo kitakuwa laini, miaka ishirini na miwili ya kazi hii na bado moyo unamdunda kila mara, na leo amefunga, koo limekauka, na Sibomana amesimama mlangoni akiziba mwanga, mwanga ule ule wa kuonea rangi, asogee basi, lakini nani siku hizi hapa Biryogo anamwambia Sibomana asogee... "Kisu hii iko ya nani?" ya mnada, anamjibu bila kuinua macho, ya Masera Spéciose, mtawa wa watoto yatima, wanataka kuezeka bweni, alikuja mwenyewe na pembe ya ng'ombe kikapuni, akasema iwe ya kuwinda, bwana Ilyasi, wazungu ya hoteli wanapenda ya kuwinda, na Ilyasi alicheka, mzungu gani atachuna swala hapa Kigali, lakini pembe aliichonga siku tatu mpaka ikakaa vizuri kiganjani, na Mukarugwiza, mkewe, aliishika akasema kwa mpini huu hata mimi ningekwenda porini... "Na sisi tunataka," anasema Sibomana, "kama hii, bila pembe, mti tu, iko vijana ya kulinda mtaa, unaweza kutengeneza mia moja mbele ya Pasaka?" na kichwa cha Ilyasi, Mungu amsamehe, kimeshaondoka kwenda Nyabugogo, kwenye rundo la springi za malori mabovu, springi moja inatoa visu sita, basi kumi na saba zinatosha, zisizo na kutu, mkaa gunia nne, ameshazichagua, ameshazikata, kabla hajajiuliza vijana wanalinda mtaa dhidi ya nani. Aibu inampanda mpaka masikioni. Dhidi ya nani, Ilyasi, sema... "Madamu iko?" iko, yuko nyuma ya pazia anachambua maharage, na mkono wake umesimama, Ilyasi anausikia ulivyosimama, kitambulisho chake kimeandikwa Mtutsi na Sibomana anajua, alikula pilau ya harusi yao, alirudi kuomba ukoko, yeye huyu huyu, na sasa anauliza madamu kana kwamba anauliza debe liko wapi... na kahawia imepita. Imepita lini? Zambarau tayari, na sasa bluu, bluu safi mpaka kwenye makali, hajawahi kukiharibu kisu hivi tangu alipokuwa anafundishwa na baba yake, Jumamosi ndiyo mnada, Masera atasema nini, na Sibomana ameinama, "Buruu. Iko muzuri. Zote ziwe buruu," hajui, wallahi hajui kwamba hiyo ndiyo rangi ya kisu kilichokufa, na Ilyasi karibu acheke, si njia ndiyo hii hapa, mpe visu mia moja vya bluu, laini vyote, vinang'aa, vitajikunja kwenye mfupa wa kwanza, nani atajua, yeye Ilyasi atasema ndiyo na hatakuwa amesema ndiyo, na mke atapona, na yeye atapona... mfupa wa kwanza wa nani? Kisu laini nacho kinaingia. Mara ya kwanza kinaingia kama chochote kile, na mara ya kwanza inatosha. Nyuma ya pazia hakuna hata harage moja linaloanguka, Mukarugwiza naye anasubiri jibu la mumewe, na Ilyasi anajiona alivyokuwa, fundi mzima anajitafutia ujanja wa kukubali, na ujanja hakuna, kuna neno moja fupi tu na yote yatakayolifuata. "Unasemaje, Ilyasi?" Kisu bado kiko juu ya chuma, Sibomana bado ameziba mwanga, hakuna aliyesogea, na Ilyasi anajua atasema hapana, anaogopa, anaogopa kweli, maana nyumba hii haina mlango mwingine.