Neno Lililokatazwa Dukani

Bosi wangu, Taimur, alinipeleka mwenyewe semina ya siku tatu ya kuhudumia wateja. Niliporudi na cheti, akakitundika juu ya kaunta ya duka letu la vitenge, hapa Kariakoo. Katika yote tuliyofundishwa, nililolishika ni neno moja: samahani. Mteja akilalamika, anza na hilo.

Nililitumia mara moja tu. Taimur akanivuta nyuma ya majora, akaninong'oneza kwa hasira, "Ukisema samahani umekubali kosa. Ukikubali kosa, mzigo unarudi. Nikilisikia tena, tafuta kazi."

Sasa cheti cha nini? Pambo?

Leo asubuhi kaja mama mmoja mtu mzima kutoka Magomeni, Bi Tatu, na kitenge alichonunua kwangu juzi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu tazama."

Kufuliwa mara moja tu, rangi yote imetoka. Na ni mimi niliyemwapia kwamba hakichuji.

Neno likanifika kooni. Taimur alikuwa amekaa kwenye stuli palepale mlangoni, macho kwangu. Pa kupita hapakuwepo, si kwangu, si kwa neno lile. Nikasema anavyotaka yeye: "Mama, kikishatoka dukani hatuhusiki."

Bi Tatu akakisoma cheti polepole, mpaka jina langu. Akanitazama usoni. Kisha akakunja kitenge chake taratibu, akasema, "Samahani, mwanangu. Nimekusumbua."