Maziwa ya Atupele

Mimi ni diwani, lakini mikono yangu bado ni ya mchuma chai. Nalisema hilo kila mkutano, watu wanacheka, kisha wananipigia makofi. Nilichuma chai miaka tisa, nikabeba mikungu ya ndizi stendi ya Tukuyu miaka minne, ndipo kikundi chetu cha maziwa kikanichukua kuwa mpimaji. Elimu yangu ni darasa la saba. Wenzangu kwenye baraza wana digrii na hoja ndefu. Mimi nikisimama huwaambia jambo moja tu: aliyeanguka ainuliwe.

Sikulisoma mahali. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilitia jiwe kwenye kikapu changu cha chai ili kiwe kizito mizanini. Nyapara akalikuta. Angeweza kunifukuza palepale, na nyumbani mama alikuwa ananitegemea mimi. Akalitupa lile jiwe mtaroni, akasema, "Nenda kachume." Basi. Siasa yangu ilianzia pale, ingawa kura zilikuja baadaye sana.

Kwa hiyo mwezi wa sita, kikundi kilipotangaza kwamba tunapata tangi la kupoozea maziwa na orodha ya wanachama itafungwa kwenye mkutano wa Jumamosi, nilimkumbuka Hezron.

Hezron alifukuzwa miaka mitatu iliyopita kwa kutia maji kwenye maziwa. Kwetu hilo si kosa dogo. Maziwa ya watu sitini humiminwa pamoja, na keni moja ya maziwa mabovu inaweza kufanya wanunuzi warudishe gari zima. Ndiyo maana tuna desturi yetu: aliyetia maji, keni yake hutundikwa kwenye msumari nje ya kituo, jina likitazama barabara. Ya Hezron ilikuwa bado pale, mshikio umeota kutu. Niliitundika mimi. Siku tatu mfululizo laktomita, kile kipimo kinachoelea ndani ya maziwa, ilisoma ishirini na sita, na kwetu chini ya ishirini na nane ni maji, hakuna mjadala.

Tangu hapo hakuna aliyenunua maziwa yake, hata kikombe. Ng'ombe mmoja alimuuza, mwingine alikuwa karibu kuzaa. Asipoingia kwenye orodha hii, maziwa hayo yangekuwa ya ndama na nguruwe, maana wanunuzi wote sasa wangechukua kwenye tangi tu.

Jumatano nikaenda kwake. Si mbali, hatua hamsini tu kutoka kituoni, migomba ndiyo inayotenganisha. Nilimkuta anamkatia ng'ombe magogo ya migomba kwa panga.

"Ugonile, kaka Hezron."

"Ndaga, Mheshimiwa."

Hilo la Mheshimiwa alilitamka bila kuinua uso. Zamani aliniita Ambilikile.

"Jumamosi nitasimama kukutetea," nikamwambia. "Wewe sema neno moja tu: nilikosea, naomba msamaha. Mengine niachie mimi."

Akaendelea kukata. "Hapa alikuwa anakamua nani?"

"Marehemu shemeji."

"Na keni alikuwa anapeleka nani?"

"Yeye."

"Sasa nikisema tulitia maji, nitakuwa namsema nani?"

Atupele, mke wake, alifariki mwaka jana kwa homa ya mapafu. Kabla ya hapo alikuwa ameacha kwaya, maana akinamama walikuwa wanamnong'ona. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza, mwishowe akawa anakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Nilikuwa nikimwona. Nilimwonea huruma, nikajisifu moyoni kwa huruma hiyo.

Sifichi, nilikasirika. Nimekuja na mvua yote hii kumpa mtu nafasi ya pili, ananirudishia! Nikamwambia kiburi chake kitamwacha nje.

"Niachwe," akasema. "Simuuzi Atupele kwa ajili ya tangi."

Nikaondoka nikimlaumu njia nzima.

Kesho yake akaja Aika, afisa mifugo wetu, dada kutoka Kilimanjaro aliyehamishiwa huku miezi mitano iliyopita. Wote tunamwita daktari. Alikuja kutufundisha mambo ya tangi, na mimi kama mpimaji wa zamani nikajitosa mbele kuonyesha kazi. Nikakoroga maziwa, nikayamimina kwenye chombo, nikatumbukiza laktomita taratibu.

"Na joto?" Aika akauliza.

"Joto gani, daktari?"

"Joto la maziwa. Yakiwa bado na moto wa ng'ombe, laktomita inazama zaidi na namba inashuka. Unaweza kudhani yana maji, kumbe mazima kabisa. Unayaacha yapoe, au unapima joto na kuongeza. Kila nyuzi tano juu ya ishirini, unaongeza namba moja." Akatoa kipimajoto mfukoni. "Mheshimiwa, hukufundishwa?"

"Nilifundishwa kusoma namba."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akasema labda kwetu haikuleta shida, kwa sababu wanachama wanatembea saa nzima na keni kichwani kwenye baridi hii, na maziwa yanafika yamepoa yenyewe.

Wote wanatembea saa nzima. Nikatazama kupitia mlangoni nikaona bati la Hezron juu ya migomba. Siku zile tatu Atupele alikuwa amekamua wa mwisho, kwa kuwa alikaa karibu. Alikuwa akifika na keni bado inatoa mvuke, na mimi nilikuwa nikimtania kwamba shemeji ametuletea chai.

Ijumaa asubuhi nilikamua ng'ombe wangu mwenyewe, nikapima palepale bandani. Ishirini na sita. Nikayaweka maziwa kwenye beseni la maji ya baridi, nikangoja saa nzima, nikapima tena. Ishirini na tisa. Maziwa yaleyale, mkono uleule. Nilikaa kwenye kigoda mpaka mke wangu akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nitasema ukweli ambao sijamwambia mtu. Siku ile nzima nilitafuta njia ya kunyamaza. Ningeweza kusimama kesho yake nikasema, "Jamani, tumsamehe," wakanipigia makofi na Hezron akaingia kwenye orodha. Yeye angepata tangi, mimi ningebaki diwani mwenye huruma, na hakuna ambaye angejua. Nilikaribia sana kufanya hivyo. Kilichonizuia ni lile benchi la nyuma.

Jumamosi kituo kilijaa mpaka nje. Meshaki, mwenyekiti wetu, akaniita, makofi yakaanza kabla sijafungua mdomo. Nikainua mkono yaishe.

"Mimi ndiye niliyemfukuza Hezron," nikasema, "na nilikosea. Maziwa yake hayakuwa na maji. Yalikuwa na moto." Nikawaeleza yote, ya laktomita, ya joto, ya beseni.

Kisha Meshaki akakohoa, akasema kwa upole, "Mheshimiwa, haya mambo ya kitaalamu tuyaache. Tuseme amesamehewa, tuendelee na ajenda."

"Hapana, mwenyekiti. Hakuna cha kumsamehe. Anayehitaji kusamehewa ni mimi."

Ndipo Hezron akatokea kwenye migomba. Alikuwa amesimama pale muda wote, na kutoka pale unasikia kila kitu. Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele yangu, buti zake zina tope la bandani.

"Mtaje," akasema.

"Hezron hakutia..."

"Si mimi. Mtaje mwenyewe."

"Atupele hakutia maji."

"Waliokaa nyuma hawajasikia."

Nikapaza sauti mpaka barabarani. "Atupele hakutia maji!" Kule nyuma mama mmoja wa kwaya akajifunika uso kwa khanga, akaanza kulia. Mimi nami machozi yakanitoka, mbele ya wapigakura wangu wote.

Nikatoka nje nikaishusha ile keni msumarini. Nikaifuta vumbi kwa shati langu, nikampa kwa mikono miwili. "Kaka, nipe nafasi nyingine."

"Hilo sijui, Mheshimiwa," akasema. Akachukua keni yake, akarudi kwenye migomba. Jina lake liliandikwa kwenye orodha, lakini mimi nilirudi nyumbani bila jibu, na niliona ni haki. Miaka mingi nimekuwa nikihubiri nafasi ya pili kana kwamba ni kitu ninachogawa mimi. Sikuwahi kukaa upande wa anayengoja.

Zikapita wiki tatu, ng'ombe wake akazaa, na dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ikaisha. Jumatatu moja asubuhi nilipitia kituoni kupeleka maziwa yangu. Foleni ilikuwa ndefu, ukungu umeshuka mpaka chini, akinamama wa kwaya wamejikunyata na mashuka mabegani. Hezron akaja wa mwisho. Keni ilikuwa ileile, mshikio ameusugua ukang'aa. Alipofungua kifuniko mvuke ukapanda, na foleni yote ikageuka kumtazama.

Aika akaichukua laktomita. Hezron akamzuia kwa mkono.

"Daktari, mpe huyo."

Nikasogea. Nikakoroga, nikamimina, nikatumbukiza. "Ishirini na sita," nikasema.

Nikachukua kipimajoto, nikangoja. Nyuzi thelathini na tano. Nikahesabu mara mbili ili nisikosee tena. "Ongeza tatu. Ishirini na tisa."

"Mazuri?" akauliza Hezron.

"Mazuri kabisa, kaka."

Akaimimina keni yake kwenye tangi, yote, mpaka tone la mwisho. Kisha akaifunga, akaiweka begani.

"Basi kesho uje upime tena, Ambilikile," akasema.