Kifundo cha Mwokaji

Mwokaji yule alikuwa na mikono ya kuogopwa. Vijana waliojaribu kushindana naye kwa kuminyana viganja walirudi wakipuliza vidole. Asubuhi moja, akiwa amebeba ndoo ya maji katika bekari aliyoiendesha pamoja na wifi yake, dada wa mumewe, aliteleza sakafuni. Akajikinga kwa kiganja cha kulia. Kifundo cha mkono kikapinda, kikalia ko!

Eksirei ilionyesha mifupa mizima.

"Haya, mshukuru Mungu," alisema wifi. "Tia barafu, kesho unakanda."

Uvimbe ulikwisha, ila nguvu hazikurudi. Unga akawa anaukanda kwa mkono wa kushoto, akipumzika kila mara. Hata kitambaa cha kufutia meza alikikamua kikabaki kinachuruzika. Wifi alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Wifi yangu, mfupa mzima, uvimbe hakuna. Kinachouma ni nini? Au umeonja utamu wa kukaa?"

Mwokaji aliyameza maneno hayo kama shubiri. Lililomuumiza zaidi ni kwamba mwenyewe naye alishaanza kujishuku. Labda kweli nadeka, aliwaza.

Wiki zikapita. Siku moja alikuwa akitoa sinia la moto kwenye tanuri, mkono ukaachia. Mikate ikatapakaa chini, na sinia likamkosakosa wifi mguuni. Wifi akafunua kinywa afoke. Akamkuta mwenzake ameketi sakafuni, mikono yote miwili juu ya mapaja, analia kimyakimya. Hapo ndipo alipoona: mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ulikuwa umenywea. Ukiulinganisha na wa kushoto, ungedhani ni wa mtu mwingine.

"Masikini ya Mungu! Nami nilivyokuwa nikibwabwaja!" Akazima tanuri. "Inuka, twende hospitali."

Daktari alikibonyeza kifundo taratibu, akampa vidole vyake viwili aviminye.

"Umechanika kano," alisema. "Ndizo zinazofunga mfupa kwa mfupa, na eksirei ya kawaida haizionyeshi. Kifundo kikilegea, huwezi kukaza mkono. Unauma, unauepuka, na misuli isiyotumika husinyaa."

"Kwa hiyo sideki?"

"Hudeki, mama."

Mwokaji akashusha pumzi ndefu. Wifi akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Mwokaji alifungwa gango la kukishikilia kifundo kisicheze, na lilipotolewa akaanza mazoezi ya kuminya sponji. Kukanda kote kukamwangukia wifi, ambaye siku ya kwanza tu alijibwaga kwenye gunia akihema.

"Kumbe huu unga una mashetani! Ulikuwa unaufanyaje?"

"Nilikuwa nadeka nao," mwokaji akajibu, wakacheka mpaka wateja wakachungulia.

Nguvu zilirudi, lakini si zote, na baridi ikizidi kifundo humkumbusha. Siku kama hizo wifi huvuta kiti, akauchukua mkono ule bila kuombwa, akaukanda polepole huku akimsimulia umbea wa mtaani.