Risasi za Kumwita Mikidadi

1.

Kijani.

Vichwa vya risasi vyote vimeota kijani, na pembeni vina unga mweupe. Viko kwenye ungo, mapajani mwangu. Mimi Somoe, mke wa Mikidadi. Mke, nimesema. Wewe unayesoma usiniite jina lingine.

2.

OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI
TANGAZO

Wananchi mnaarifiwa kuwa kazi ya kumtafuta ndugu Mikidadi Mbonde, msasi, aliyechukuliwa na mafuriko wakati akiokoa mali stoo, imesitishwa. Familia yake imepewa kibali cha kupiga risasi tatu hewani kwa mujibu wa mila. Msishtuke.

Msishtuke!

3.

Mila yenyewe, kwa asiyeijua: msasi, yaani mwindaji, aliyepotea huitwa kwa risasi zake mwenyewe, tatu, na mkewe ndiye huzitakatisha. Asipoitika, basi. Matanga yanawekwa.

Mikidadi alikuwa akiokota maganda ya risasi, anayatia baruti upya, anayapachika vichwa. Maji yalipoingia stoo, baruti ikaharibika. Mdogo wake, Shamte, amepata nyingine. Vichwa vimebaki kwangu.

4. Namna ya kusafisha

Loweka kwenye maji ya ndimu. Sugua kwa kitambaa, usitie msasa. (“Msasa unakula shaba, Somoe, na risasi iliyoliwa inakwenda inakotaka yenyewe.” Namsikia hadi leo.) Suuza. Anika. Vikikauka, mpe shemeji yako

Vikikauka, mpe

Vikikauka

5. Kisimani, wakidhani sisikii

— Shaba gani hiyo isiyotakata? Mie sinia langu la harusi nalitakatisha kabla chai haijachemka.
— Mwache, shoga. Mwenzio kafiwa.
— Hajafiwa! Ndiyo tabu yenyewe hiyo.

6.

Shamte alisimama mlangoni.

“Shemeji, baruti iko tayari. Wazee wananiuliza, sina la kuwajibu.”

“Bado vina kijani, shemeji.”

“Jana vilikuwa vinang'aa. Nimeviona kwa macho yangu.”

“Jana.”

Akalia, mwanamume mzima. Mikidadi ni kaka yake, naye moyo unamuuma kama unavyoniuma mimi. Nilimwonea huruma sana.

Sikumpa.

7.

Sasa nasema mimi, Siwema, mama yake Mikidadi.

Ni kweli, nimetamka mbele ya wazee: mwanangu aitwe, asipoitika apumzike. Ulitaka niseme nini? Mama wa msasi haombi mila isimame. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini barazani uchungu hauna kiti.

Mkamwana wangu anadhani sioni. Leo alipokwenda kuni nikainama kwenye bakuli lake, nikachovya kidole, nikaonja.

Chumvi.

8.

Niliporudi na mzigo wa kuni kichwani nilimkuta mama mkwe amechuchumaa kando ya bakuli, kidole kimelowa. Nikajua nimeumbuka. Kila vichwa vinapotakata navirudisha kwenye maji ya chumvi, navyo vinaota kijani upya. Ndiyo kazi yangu siku zote hizi. Risasi zisipolia, mume wangu hajafa.

“Mama, nisamehe.”

Hakunitazama.

“Shamte anakuja na wazee alasiri hii,” alisema.

“Najua, mama.”

Akafungua pindo la kanga yake, akatoa pakiti nzima ya chumvi, akaipasua kwa meno.

“Umetia kidogo mno,” akasema, akaimimina yote.