Baada ya Amina

Mama yetu alituachia kanda moja tu ya sauti yake: sala ya jioni, aliyoirekodi mwaka wake wa mwisho. Kwetu kanda hiyo huzimwa ikifika "Amina". Baada ya Amina hakuna la kuongeza, ndivyo tulivyolelewa.

Mimi ni fundi cherehani. Nikiwa na miaka hamsini na mbili nilijiunga na darasa la jioni la sanaa na umeme. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa pazia la vitambaa vya magauni ya mama, lenye nyuzi mbili za chuma ndani ya pindo na spika ndogo nyuma. Kanda nzima niliihamishia humo. Ukibonyeza kifungo, nyuzi hizo hugusana, mama anasali. Ukiachia, ananyamaza.

"Usirudishie mshono mwishoni," mwalimu, mdogo kama mwanangu, alinionya. "Nyuzi zitang'ang'aniana, hazitaachana tena." Nikarudishia. Mazoea yana taabu.

Siku ya maonyesho kaka yangu alikuja. "Bibi mwanafunzi! Hujachapwa bado?" Kisha akarudia lile la kila mwaka: "Twende kaburini kwa baba. Mzee kachoka kukungoja."

Nikaendelea kunyoosha pazia. Baba ndiye aliyenitoa shule nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nimemwomba Mungu kila siku niweze kumsamehe. Hata mazishini kwake sikwenda.

Nikabonyeza. Mama akasali, watu wakainamisha vichwa. Amina. Nikaachia kifungo.

Mama hakunyamaza.

Akakohoa. Kiti kikalia. "Baba watoto, mwambie binti yetu ukweli. Mimi ndiye niliyemtoa shule, nilitaka mikono ya kunisaidia kushona. Wewe ulilia. Lawama yangu umeibeba vya kutosha."

"Niache," sauti ya baba ikajibu, ikicheka kidogo. "Akupende wewe. Kununiwa mimi nimeshazoea."

Kaka alishika ukuta, mdomo wazi.

"Ulijua?"

"Haki ya Mungu, dada, sikujua."

Mwalimu akaja mbio na mkasi. "Pole, mama. Nikate ule mshono?"

"Usiuguse!"

Spika ikabaki ikikwaruza tu. Nikamgeukia kaka.

"Kaburini ni safari ya muda gani?"

"Saa mbili kwa basi. Lakini leo..."

Nikaanza kutafuta mkoba wangu. Nilizunguka chumba kizima, hadi kaka akanionyesha kwamba ulikuwa begani mwangu.