Halua ya Mshahara wa Kwanza

Salman alipopata mshahara wake wa kwanza kwenye duka la bangi hapo Rexdale, ughaibuni walikohamia, alimletea bibi yake Mahjabeen boksi la halua. Ndiyo desturi yao tangu Tanga: halua ya mshahara wa kwanza huonjwa na bibi, kisha hugawiwa majirani.

Mahjabeen hakulifungua.

"Kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Kilimfunga kaka, kinamwajiri mjukuu."

Salman alicheka kidogo. "Bangi. Lakini huku ni halali, Bibi. Serikali imeruhusu."

"Imeruhusu duka lenu, haijaruhusu koo langu."

Mahjabeen alimkumbuka kaka yake Ameer, aliyefungwa kwa msokoto mmoja wa bangi, na alipotoka hakuna aliyemwajiri tena. Sheria ile iliyomfunga nayo hakuipenda kamwe.

"Nashukuru wewe hawatakufunga," alisema. "Ila halua hii siili, wala majirani siwapelekei."

"Kwa hiyo niache kazi?"

"Hilo uamue mwenyewe. Ukipata nyingine, niletee halua nyingine, nitaonja wa kwanza."

Akamrudishia boksi lake, kisha akampakulia wali.

"Sasa kula, unakonda."