Pumzi ya Kisima cha Tatu

Mama Visima alikuwa amepiga magoti ukingoni mwa kisima cha pili, akisugua ukoga kwa brashi ya waya, shemeji yake alipofika na kuliinamia bomba lililokuwa likibubujika kabla hata ya kumaliza salamu.

"Shemeji, haya maji anayasukuma nani huko chini?"

"Hayasukumwi na mtu. Yanatoka milimani, yamebanwa chini ya udongo mgumu. Yakipata tundu, yanapanda yenyewe. Vaa miwani, usije ukaninywea ukoga."

Shemeji, fundi saa, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akisimuliwa visima hivi tangu siku ya harusi ya kaka yake, lakini kuja hakuja hadi leo. Akaonja cha kwanza, akaonja cha pili. Cha tatu akakikuta bomba kavu, kimepigwa alama ya rangi nyekundu.

"Na huyu kanuna nini?"

"Kanyamaza tangu mwaka juzi. Keshokutwa watu wa idara ya maji wanakuja kumjaza zege." Akazidi kusugua. Ndicho kisima alimochota maji yake ya kwanza akiwa bi harusi, na hakutaka kukiona kikizikwa.

Fundi akatega sikio kwenye bomba, kama afanyavyo kwa saa iliyokwama. "Ukiviziba hivi viwili, hiki kinasemaje?"

Brashi ikabaki hewani. Miaka yote hiyo hakuwahi kuziba kisima. Mwenye kiu hafungiwi mlango. "Sijui," alisema, na kule kutojua kukamwasha.

Akasokota tambara, akalisindilia kwenye bomba la kisima cha pili. Maji yakamrukia usoni.

"Kandamiza, shemeji! Au vidole vimezoea vigurudumu vya saa tu?"

Wakakandamiza pamoja. Kisima cha tatu kikahema, pumzi ndefu yenye harufu ya chuma, kisha ndani kabisa kitu kikagugumia.

"Umesikia?" fundi akauliza.

"Nyamaza nisikie!"

Maji hayakutoka. Nyuma yao mwanamke mwenye ndoo akauliza, "Jamani, mnatuzibia?" Ikabidi waachie.

"Bado cha kwanza," Mama Visima alisema. "Tukiviziba vyote viwili, hiki kikatoa hata tone, wenye zege nitawaambia hakijafa. Kesho alfajiri, kabla ya wenye ndoo kufika. Chonga vizibo."

"Mimi nimekuja kutembea!"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe nakupa leo leo."

Brashi akaiacha ukingoni mwa kisima cha tatu, ambacho hakikuwa kimesuguliwa tangu kinyamaze.